UZI: Kupima ubora wa maji ya pwani saa zote kwa vihisi – ufungaji, usafi, kalibresheni na data

MajiMafu · #1

Wakuu, maswali kuhusu vituo vya kupima maji ya bahari vinavyotuma data vyenyewe yamezagaa kwenye nyuzi tatu nne tofauti. Tuyakusanye hapa. Naandika "kihisi" kwa sababu nikiandika "sensa" kuna mtu atauliza makarani wanapita lini.

Kwanza, kwa nini ujisumbue. Utaratibu wa kawaida ni mtu kwenda na chupa mara moja kwa wiki, asubuhi, akishasaini daftari la ofisi. Sasa pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua (mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa zaidi) yanakuwa yamepwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Anayechota saa nne siku za bamvua anachota maji yanayotoka horini na mitoni. Wiki ya maji mafu (katikati ya bamvua mbili), saa ileile, anakuta maji yamejaa, yametoka bahari kuu. Akichora grafu anaona "uchafu" unapanda na kushuka kila wiki mbili, anaandika ripoti kulaumu kiwanda, kumbe alichopima ni mwezi. Ukipima kila dakika 15, yaani vipimo 96 kwa siku, mawimbi ya kujaa na kupwa unayaona waziwazi na unaweza kuyatenganisha na tatizo lenyewe. Wamarekani kwenye hifadhi zao za milango ya mito wanatumia hizohizo dakika 15.

Vya kupima, kwa mpangilio wa umuhimu kama pesa ni ya kubana: joto, chumvi na kina kwa pamoja, kisha oksijeni iliyoyeyuka, kisha tope. Klorofili (rangi ya kijani ya vijimea) na pH (kiwango cha asidi) baadaye. Kina watu hukiruka kwa sababu hakionekani kama "ubora", lakini bila kina hujui chumvi imeshuka kwa sababu ya mvua au kwa sababu maji yamepwa.

Namba za kukaa nazo kichwani: chumvi ya bahari yetu mbali na mito ni karibu 35 (gramu kwa kilo ya maji). Kipitishio cha umeme cha maji hayo (uwezo wake wa kupitisha umeme) kwa nyuzi 25 ni kama 53 mS/cm. Oksijeni ikishiba kwa nyuzi 28 ni kama 6.4 mg/L, maji ya kisima yasiyo na chumvi kwa joto hilohilo ni 7.8. Kwa hiyo kifaa kikikuonyesha 7.8 baharini saa kumi na mbili alfajiri usifurahi, mtu kasahau kukiambia kiko kwenye chumvi.

---

FundiWaGati · #2

Niongezee upande wa ufungaji, maana hapo ndipo miradi mingi hufia.

Kama kuna gati au nguzo ya daraja, tumia hiyo. Boya ni zuri kwenye picha ya mradi tu. Kwenye nguzo: bomba la PVC inchi 4, lile zito la presha, si la maji machafu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu siku za bamvua hufika karibu mita 4, kwa hiyo bomba lisipungue mita 6. Sentimita 60 za chini ulitoboe matundu makubwa, karibu nusu ya eneo liwe wazi. Matundu machache yanafanya maji ya ndani yakae humohumo, na utakuwa unapima bomba. Chini kabisa pitisha bolti ya chuma cha pua cha daraja la 316 kukatiza bomba, kifaa kiketi juu yake. Kihisi kiwe angalau nusu mita chini ya maji ya kupwa kabisa na nusu mita juu ya mchanga.

Kifaa kishikwe na kamba, kebo isibebe uzito hata kilo moja. Kabla kebo haijaingia kwenye boksi iache ining'inie kama tumbo, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuifuata hadi ndani.

Boya, kama huna budi: nanga ya zege hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito ikizama, kwa hiyo jiwe la kilo 200 nchi kavu ni kama kilo 115 huko chini. Piga hesabu kwa namba ya pili. Mnyororo unalika pale unapogusa mchanga na kunyanyuka kila wimbi, si juu unapouona. Rangi iwe ya manjano yenye alama ya X juu, ndiyo alama ya kimataifa ya vyombo maalumu, na taa ya manjano ya kumeta.

Halafu kabla ya yote hayo, nenda kwa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe), au kwa Zanzibar kwa sheha na kamati ya wavuvi. Boya ambalo wavuvi hawajaelezwa ni mahali pa kufungia ngalawa.

---

Mwanagenzi · #3

Shukrani wakuu. Swali: vile vihisi vya bei nafuu vya Arduino (kibao cha elektroniki cha kujiundia vifaa), cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini), cha pH na cha joto, si vinatosha kuanzia? Vyote kwa pamoja havifiki bei ya kebo moja ya kifaa kikubwa.

---

Solda60_40 · #4

> Mwanagenzi: vile vihisi vya bei nafuu vya Arduino

Mkuu, kimoja kimoja.

TDS: kile cha kawaida kimetengenezwa kwa maji ya kunywa, mwisho wake 1000 ppm. Bahari ni kama 35,000. Kitakupa namba moja ileile tangu asubuhi hadi jioni na utadhani bahari imetulia. Kwa bahari unahitaji seli yenye K (namba ya umbo la seli) ya 10 au karibu na hapo, au aina ya koili isiyo na vipande vya chuma ndani ya maji. Hiyo ya koili haichakazwi haraka na utelezi wa viumbe.

Joto, DS18B20: chipu yenyewe si mbaya, ±0.5. Kinachokufa ni kile kifuko cha chuma. Kimezibwa kwa gundi upande wa waya, chumvi inapenya polepole, na kabla haijafa kabisa itaanza kutoa 85, ambayo ndiyo thamani yake ya kuwashwa. Ukiona 85 kwenye data si volkano. Ukitaka kukitumia, kitie chote ndani ya epoksi pamoja na sentimita 10 za kebo, na ulinganishe na kipimajoto cha uhakika kwenye ndoo ya barafu na kwenye maji ya nyuzi 30.

pH: cha kioo cha bei rahisi, jeli yake ya ndani inavuja na kuchafuliwa na chumvi. Kwa kupima kwa mkono sawa. Cha kuacha baharini, hapana.

Kwa darasa la shule, vifaa hivi ni safi sana. Kwa data itakayopelekwa NEMC au NEMA (mamlaka za mazingira za Tanzania na Kenya), utabishiwa na utashindwa.

Umeme sasa, watu huogopa bure. Chukua kifaa kinachokula 60 mA kwa sekunde 90 kila dakika 15: wastani 6 mA. Loga (kifaa kinachohifadhi vipimo) ikilala, 5 mA. Modemu ikiwashwa dakika 2 kila saa kwa 150 mA: wastani 5 mA. Jumla 16 mA, kwa siku karibu 0.4 Ah. Ukitaka siku 10 bila jua ni 4 Ah. Betri ya LiFePO4 ya 12.8 V, 7 Ah inatosha na chenji inabaki. Paneli ya wati 10 inalisha hiyo mara kadhaa hata ikiwa chafu, na itakuwa chafu: kunguru wa Dar, Unguja na Mombasa hawana kiti wanachokipenda kuliko paneli. Iinamishe nyuzi 15 hata kama jua letu liko utosini, mvua ipate kuiosha, na funga nyaya nyembamba zilizosimama kingoni.

Kosa kubwa la umeme liko kwenye modemu. Ya 2G inaponguruma kutafuta mnara inavuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Waya ukiwa mwembamba volti inashuka, kidhibiti kinajizima na kujiwasha, saa ya ndani inarudi mwaka 1970. Dalili: kituo kinafanya kazi mezani, kikifika gatini ambako mtandao ni dhaifu kinajizima kila saa. Dawa ni kapasita ya 1000 µF au zaidi karibu kabisa na modemu, na waya mnene.

Kuunganisha kihisi na loga kwa waya kuna mitindo miwili: SDI-12 kama umbali hauzidi mita 60, RS-485 ukizidi, pamoja na kizuizi cha ohm 120 mwisho wa laini. LoRa (redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo) ya 868 MHz inafika mbali juu ya maji, ila tuma namba nzima, usitume maandishi: vipimo 8 kwa baiti 2 kila kimoja ni baiti 16, na kwenye kasi ya chini kabisa unaruhusiwa baiti 51 tu kwa ujumbe mmoja. Antena iwe juu ya maji ya bamvua kwa mita kadhaa. Inayofanya kazi maji yakipwa na kukata yakijaa imewekwa chini mno. Na vipimo vyote vihifadhiwe kwenye kadi palepale, bando likiisha data isipotee.

---

Bint_Chwaka · #5

Mmeongea vyuma vizuri. Sasa tuongelee kinachoua kituo kweli: viumbe.

Maji ya joto kama yetu, utelezi unaanza ndani ya siku chache. Baada ya hapo mwani mwembamba, halafu vile vigamba vya chokaa vinavyokata miguu kwenye nguzo. Kihisi hakikwambii "nimechafuka". Kinaendelea kutuma namba nzuri nzuri, za uongo. Kila kimoja kina namna yake ya kudanganya:

Chumvi inateremka kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa sababu nafasi ya maji ndani ya seli imepungua. Haiteremki kwa ghafla kama mvua ikinyesha, na hairudi juu maji yakijaa.

Oksijeni inaanza kucheza ngoma: mchana juu kuliko kawaida, usiku chini kuliko kawaida, na tofauti inakua kila siku. Huo ni mwani ulioota juu ya kioo chenyewe, unapumua usiku na kutoa oksijeni mchana. Watu wameshatangaza "maji yamekosa hewa" kwa sababu ya kipande cha mwani cha ukubwa wa kucha.

Tope linapanda taratibu kisha linaanza kuruka ruka. Klorofili vivyo hivyo.

Kinga: kifaa chenye brashi ya kujifuta kabla ya kila kipimo, na kikapu cha shaba kuzunguka vihisi. Shaba inazuia viumbe kushika, lakini isiguse alumini hata kwa bahati mbaya, alumini italika hadi iwe kama jibini la panya. Utepe wa shaba juu ya mwili wa plastiki, sawa. Chuma cha pua chini ya utepe au chini ya mpira uliobana, si sawa: pale pasipopata oksijeni kinatoboka hata kama ni 316. Brashi ikikwama na kusimama mbele ya kioo, tope na klorofili vitasoma juu sana bila kushuka. Punje moja ya mchanga inatosha kuikwamisha.

Rangi za zamani za mashua zenye bati la kikaboni zimepigwa marufuku kimataifa tangu 2008, msije mkaziokota dukani kwa mtu.

Ratiba: kila wiki mbili kusi na kaskazi bila kujali. Januari hadi Aprili maji yakiwa moto, kila siku 10. Kusafisha kioo ni kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo. Vigamba vya chokaa juu ya mwili vibandue kwa plastiki. Seli ya chumvi ina brashi yake ndogo. Siki inalegeza chokaa kwenye mwili na kwenye seli, lakini isifike kwenye kofia ya kihisi cha oksijeni, na pombe isifike hapo kabisa.

---

MajiMafu · #6

Bi Chwaka kanena. Niongeze namna ya kusafisha bila kupoteza ushahidi. Mkifika na kuanza kusugua tu, hamtajua kamwe data ya wiki mbili ilikuwa na kosa kiasi gani. Utaratibu wa USGS (taasisi ya jiolojia ya Marekani), uliojaribiwa miaka mingi, ni huu:

1. Weka kifaa cha pili, safi, kando ya kituo. Andika namba za vyote viwili kabla hujagusa kitu.
2. Toa, safisha, rudisha palepale. Andika tena. Tofauti ya kabla na baada, ukishatoa mabadiliko ya maji yenyewe uliyoyaona kwenye kifaa cha pili, ndiyo kosa la uchafu.
3. Sasa kipime kwenye vimiminika vya kukalibreshea (ambavyo thamani yake inajulikana) bila kurekebisha. Tofauti hapo ndiyo kuyumba kwa kihisi.
4. Kalibresha kama kumezidi, rudisha, andika mara ya mwisho.

Jumla ya makosa hayo mawili ikizidi 0.2 kwa joto, asilimia 3 kwa kipitishio, 0.3 mg/L kwa oksijeni, 0.2 kwa pH au asilimia 5 kwa tope, data ya kipindi kile irekebishwe, ukiligawa kosa kutoka sifuri siku ya usafi uliopita hadi kamili leo.

Kalibresheni yenyewe kwa kifupi. Oksijeni: kikombe chenye maji sentimita moja chini, kifuniko kimelegezwa, kihisi kikae hewani humo dakika 10 hadi 15, kofia iwe kavu bila tone, ingiza shinikizo la hewa la hapo ulipo, si lile la uwanja wa ndege lililorekebishwa hadi usawa wa bahari (kwa gatini ni sawasawa, kwa Morogoro si sawa). Sifuri hutengenezwa kwa sodiamu salfaiti iliyoyeyushwa. Kofia yenyewe hubadilishwa kila mwaka mmoja hadi miwili na isiachwe ikakauka.

Chumvi: tumia kimiminika cha 50 mS/cm, usitumie cha 1413 µS kwa sababu ndicho kilichopo dukani. Suuza kikombe mara mbili kwa kimiminika hichohicho, gonga mapovu yatoke. Povu moja ndani ya seli linaiba asilimia kadhaa.

Tope: sifuri kwa maji yaliyochujwa, kisha formazini (kimiminika cha tope la kipimo). Vaa glavu, ina haidrazini, ambayo ni sumu. Zile shanga za plastiki ni salama zaidi lakini thamani yake ni ya aina moja ya kifaa. Chupa iliyoandikwa 100 kwa kampuni hii si 100 kwa kampuni ile.

Maji ya kusuuzia: "maji ya betri" ya sheli yanafaa, lakini yapime kwanza. Chupa nyingine zina maji ya bomba, na usije ukachukua asidi.

---

HoriLaTudor · #7

> MajiMafu: Klorofili na pH baadaye

Sikubaliani kuhusu pH. Bahari inazidi kuwa na asidi, ni habari ya dunia nzima, na wewe unaiweka mwisho?

---

MajiMafu · #8

Mkuu, kupungua huko ni takribani 0.02 kwa muongo mzima. Kihisi cha kioo kilichokalibreshwa kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za 7 na 10 kina kosa la 0.1 kwenye bahari hata kikiwa kipya, kwa sababu bafa hizo ni nyembamba kwa chumvi na bahari ni nzito. Unataka kupima unene wa karatasi kwa futi ya seremala. Kwa kazi hiyo inatakiwa rangi maalumu na kipimo cha mwanga, au kihisi cha aina ya transista na bafa ya Tris yenye chumvi ya bahari. Kwa kuona maji machafu yanatoka horini pH ya kioo inasaidia, ndiyo maana haikutoka kwenye orodha.

Klorofili nayo isomeni ya usiku. Mchana jua kali, vijimea hupunguza mng'ao wake vyenyewe na kihisi kinashuka saa sita bila vijimea kupungua hata kimoja.

---

Solda60_40 · #9

Data. Alama za ubora zinazotumika kimataifa: 1 nzuri, 2 haijakaguliwa, 3 ya kutiliwa shaka, 4 mbaya, 9 haipo. Usifute kipimo, kipe alama. Mfano wa tope:

20:45 – 6.1
21:00 – 5.8
21:15 – 412
21:30 – 6.3

Hiyo 412 ni kaa, samaki au jani la mwani; alama 3. Lakini ikienda 6, 19, 48, 71 na chumvi ikateremka kutoka 34 hadi 27 ndani ya saa ileile, huo ni mto, usiuguse. Joto, chumvi na kina vikiganda kwenye namba moja vipimo vitano mfululizo, kihisi kimekufa au kebo imelowa.

Na saa! Loga iwe UTC (saa ya kimataifa) au saa za Afrika Mashariki, chagua moja na uiandike kwenye kichwa cha faili. Daftari la mlinzi wa gati litasema "nimesafisha saa tatu", loga itasema 09:00, na mtu wa ofisini ataweka 03:00. Hapo kosa la saa sita, nusu ya mzunguko wa maji: kujaa kunakuwa kupwa.

---

Mwanagenzi · #10

Na vijidudu vya maji taka? Mlango wa mto Msimbazi kwa mfano, kihisi kinaweza kusema watoto wasiogelee?

---

Bint_Chwaka · #11

Moja kwa moja, hapana. Kipimo cha usalama wa kuogelea ni enterokoki (bakteria wa kinyesi), na sampuli huatamishwa saa 24. Miongozo ya WHO ya 2003 inagawa ufukwe kwa idadi ambayo asilimia 95 ya vipimo havizidi: hadi 40 kwa mililita 100 ni bora, 41 hadi 200, 201 hadi 500, na zaidi ya 500 ni hatari. Kihisi kinachodai kuhesabu hivyo ukiwa umesimama, muulize muuzaji maswali mengi.

Kinachowezekana ni onyo. Kusanya sampuli za maabara angalau msimu mmoja wa masika na mmoja wa vuli, chukua nyingine maji yakipwa na nyingine yakijaa, uone enterokoki zinapanda chumvi ikiwa ngapi na tope likiwa ngapi mahali hapo. Kizingiti ni cha mahali hapo tu. Cha Msimbazi usikipeleke Mtwapa.

Kwa wakulima wa mwani ni rahisi zaidi: joto na chumvi vinatosha. Mwani kuwa mweupe na kukatika huja joto likifika 33 hadi 35 au chumvi ikishuka kuelekea 20. Kihisi kifungwe kwenye kamba ya mwani yenyewe, usawa wa miche. Kilichowekwa mkondoni kwenye kina kitakwambia 29 huku shambani maji ya magotini yamechemka.

---

Mwanagenzi · #12

La mwisho. Oringi (pete za mpira za kuzuia maji) za kifuniko cha betri: vaselini inafaa?

---

FundiWaGati · #13

Hapana, grisi ya silikoni. Vaselini inavimbisha baadhi ya mipira. Paka nyembamba, mpira ung'ae tu. Ukipaka nyingi inashika mchanga. Futa mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, angalia kwa tochi, unywele mmoja unatosha kupitisha maji. Kila ukifungua badala ya kila ukikumbuka, na oringi mpya mara moja kwa mwaka.

Ukifungua ukakuta unyevu wa chumvi ndani, toa betri kwanza kabla ya kupiga picha ya kututumia. Suuza kwa maji yaliyosafishwa, kisha pombe ya isopropili, kausha siku nzima kivulini, ndipo uijaribu mezani.